Kosa Moja kwa Watu Wawili

Siku ya mnada, mji wa Karatu hujaa mpaka mbwa wanapishana kwa adabu. Mbuzi walikuwa wanapandishwa mnadani, magari ya watalii yanashuka kutoka kreta na vumbi jekundu mpaka kwenye kope za madereva, na ndani ya steshenari ya Marsela watu kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni mbele ya printa moja yenye kikohozi.

Wa kumi alikuwa Anneth, binti wa Qurus, mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi. Miezi hiyo alikuwa Karatu kwa mafunzo ya vitendo, amepanga chumba nyuma ya soko. Juu alivaa blauzi ya njano iliyopigwa pasi ikanyooka, chini sketi ya jinzi, na chini zaidi buti za saiti zenye saruji iliyokauka, maana alikuwa ametoroka kazini kwa nusu saa. Flashi yake aliishika kama watu wanavyoshika rozari.

"Dada, hiyo flashi utaivunja," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, sweta la bluu lililofumuka mkono wa kushoto, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu. Meno mazuri. Anneth aliyaona meno yale, akayaandika upande wa hatari.

"Ni yangu. Nikiivunja nitalia mwenyewe."

"Mambo, Anneth."

"Jina langu umelijuaje?"

"Tuko darasa moja. Naitwa Silvanus, wa Oldeani. Nakaa nyuma, karibu na lile dirisha lililovunjika."

"Miaka yote mitatu?"

"Yote mitatu. Kisogo chako nakijua kuliko unavyokijua wewe."

Marsela, mwenye steshenari, mama mnene asiyepitwa na neno, alicheka mpaka akabonyeza kitufe kisichohusika.

Anneth hakucheka. Alikuwa na sababu. Darasani kwao walikuwa watu mia na themanini, na asaimenti zilifanywa na kama thelathini. Waliobaki walizipokea tu, kama watu wanavyopokea mafua. Wiki moja kabla ya kukusanya, Anneth alikuwa hashindi njaa: huyu kamletea chipsi, yule soda, wa tatu kaja na salamu za mama yake ambaye Anneth hamjui. Wenye akili walibadilisha namba mbili tatu. Wengine hawakujisumbua, yuko mmoja aliyekusanya kazi yenye jina lake ukurasa wa kwanza na jina la Anneth ukurasa wa tano.

Halafu kulikuwa na Hilary. Hilary alimpenda kwa wiki saba, kuanzia siku ilipotolewa asaimenti ya zege mpaka siku ilipokusanywa. Kesho yake akampita koridoni kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

Kwa hiyo Silvanus alipouliza, kwa sauti laini kabisa, "Hivi ile ya Dokta Simel umemaliza?" moyo wa Anneth ulijifunga na komeo juu.

"Kwa nini unauliza?"

"Naongea tu."

"Watu wa kuongea tu nawajua."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dokta Simel, mwalimu wao, mtu wa Soitsambu, mrefu na mchache wa maneno, alimwambia kila mwanafunzi atafute mahali ambapo mvua hukata barabara ya watu, akapime korongo kwa mikono yake, kisha achore kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara. "Atakayekopi nitamjua," alisema. Darasa halikushtuka. Walimu wote husema hivyo.

Anneth alikuwa ameshapima korongo la kwao Qurus wiki iliyopita. Alilipima kwa kamba ya baba yake ya katani, akaifunga uzi mwekundu wa kanga kuukuu kila mita moja. Sasa alitaka kuchapa nakala ya kusahihisha tu.

Flashi ikachomekwa. Printa ikakohoa. Umeme ukakatika.

"Yesu na Maria!" Marsela akapiga kelele, na foleni nzima ikaguna. Simu ya Anneth ikaita. Bosi wa saiti. Akatoka mbio buti zikimwaga saruji. Flashi akaisahau kwenye kompyuta.

Aliikumbuka jioni, amelowesha nguo kwenye beseni. Kesho yake saa mbili asubuhi, Silvanus alikuwa amesimama kwenye geti la saiti, flashi imefungwa ndani ya leso nyeupe.

"Marsela kanipa nikuletee. Imelala kwangu salama."

"Uliifungua?"

"Sikuifungua."

"Kwa nini hukuifungua?"

"Ningeifungua, ungeniuliza kwa nini nimeifungua."

Kicheko kikamponyoka Anneth.

Basi ndivyo mambo yalivyoanza. Wakanywa chai ya maziwa kwenye mgahawa wa pembeni mwa stendi, wakala chapati moja wawili, wakabishana nani kala upande mkubwa. Silvanus alikuwa anakaa Oldeani kwa mama yake, Angelina, mchuma kahawa kwenye shamba kubwa la huko, na kila jioni alipiga simu.

"Injinia wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wako nani?"

"Haya, injinia wa taifa. Umekula nini?"

"Ugali na mlenda. Wewe?"

"Mimi nimekula sauti yako."

"Utalala njaa, kaka. Sauti yangu haina mafuta."

Walicheka. Lakini Anneth, hata akicheka, jicho moja liliendelea kufanya kazi. Alihesabu: asaimenti ilibakiza siku kumi na mbili kukusanywa. Hilary naye alianza na chai.

Jioni moja Silvanus akauliza, "Kwani korongo lenu liko upande gani wa Qurus?"

Anneth akaketi wima kitandani.

"Silvanus, wewe unanitaka mimi au unataka korongo?"

"Nakutaka wewe. Korongo lipo njiani tu."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Aa, mpenzi, chaji inaisha."

Chaji! Anneth aliandika na hilo.

Jumatano ile Silvanus alisema yuko Oldeani, anamsaidia mama kuchuma kahawa. Alhamisi Anneth alipopita steshenari, Marsela akamvuta nyuma ya kaunta.

"Mchumba wako nimemwona jana. Anashuka kwenye bodaboda, inatokea njia ya Qurus. Matope mpaka magotini, na anatabasamu peke yake."

"Siyo mchumba wangu."

"Basi siyo mchumba wako kanisalimia."

Jioni Anneth alisubiri simu kama askari anavyosubiri gari bovu.

"Jumatano ulikuwa wapi, Silvanus?"

"Si nilikwambia? Oldeani."

"Na matope?"

"Oldeani... pia kuna matope, dia."

Hicho kituo kati ya "Oldeani" na "pia" kilikuwa kirefu kuliko kalavati. Qurus kuna nini, kama siyo mwanamke au korongo? Akaamua kunyamaza na kutazama. Kazi alikusanya mwenyewe, kwa simu yake, mlango umefungwa. Siku ya kukusanya ikapita. Silvanus akapiga kama kawaida. Na kesho yake. Na keshokutwa. Anneth akaanza kulegea kidogo, akamtania kuhusu lile sweta, kwamba mkono wa kushoto unazidi kuwa mfupi kila wakikutana, akauliza kama analila.

"Nalitumia kwa kazi maalumu," Silvanus alisema, akaficha mkono nyuma.

Wiki mbili zilipita. Jumatano mchana, Anneth akiwa saiti anahesabu mifuko ya saruji, simu ikaita.

"Anneth Josephati?"

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Nilipita kwenu Qurus, nikielekea nyumbani Soitsambu. Nilikuwa na futi ya chuma. Korongo lenu lina upana wa mita sita na sentimita tisini. Wewe umeandika saba na arobaini."

"Dokta, labda nimekosea..."

"Kukosea siyo shida, binti. Shida ni mwenzako Silvanus. Naye kaandika korongo hilohilo. Naye kaandika saba na arobaini." Akavuta pumzi. "Ng'ombe wawili wanaweza kufanana rangi. Wakiwa na kovu moja, mahali pamoja, huyo ni ng'ombe mmoja mwenye wachungaji wawili. Jumamosi saa nne narudi, nitakuwa hapo korongoni. Nikikosa maelezo, wote wawili sifuri, na majina yanakwenda kwenye kamati ya nidhamu."

Kamati hiyo mwaka uliopita iliwarudisha watu wawili nyumbani na mabegi yao. Anneth alikuwa mtoto wa kwanza kwao kufika chuo. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, blauzi ya njano ikawa ya kijivu, wala hakujali. Akapiga simu.

"Flashi yangu uliifungua."

"Anneth? Kuna nini?"

"Saba na arobaini, Silvanus! Uliota?"

"Nilipima."

"Ile Jumatano ya matope? Ulifikaje kwetu bila mtu wa kwetu kukuona?"

Upande wa pili jogoo akawika, tena mchana.

"Kuna mtu nilimwahidi nisiseme."

"Mtu gani?"

"Siwezi, mpenzi."

"Mwanamke?"

"Hapana! Wallahi, siyo mwanamke."

"Wewe Mkristo wa Oldeani unaapa wallahi! Hapo ndipo nimejua. Hilary alinitumia akaniacha nimesimama. Wewe umenizamisha kabisa."

Akamfungia namba. Alilia kidogo tu, kwa sababu mafundi walikuwa wanatazama.

Ijumaa Marsela akamwita tena nyuma ya kaunta. Mara hii hakuwa anacheka.

"Kanipigia mimi, kwako hapiti. Anasema mwalimu kampigia naye, na kesho usiende. Yeye atamwambia mwalimu kwamba ndiye aliyekopi, wewe huna kosa lolote."

"Si umeona? Kakiri!"

Marsela akalainisha karatasi kwa kidole. "Mwanangu, mimi nimeuza daftari miaka ishirini. Mwizi anayekiri kabla hajapigwa bado sijamwona."

Neno hilo lilimkaa Anneth kama jiwe kwenye buti.

Jumamosi asubuhi akapanda bodaboda mpaka kwao. Baba yake, mzee Josephati, alikuwa anakamua. Mama yake, Brigita, ana makande jikoni. Anneth alisalimia, akasema anaitaka ile kamba, akamwonyeshe mwalimu alichopimia. Mzee Josephati akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Ipo jikoni, juu ya moshi. Lakini ya nini tena? Kamba ni kamba."

Anneth aliivuta kutoka kwenye boriti, akatoka nayo uani. Akaanza kuikunja mkononi, mita moja, mita mbili. Nyuzi nyekundu zilikuwa pale pale alipozifunga. Halafu akasimama. Katikati ya kila nyekundu na nyekundu, penye nusu mita, kulikuwa na uzi mwingine. Wa sufu. Wa bluu.

"Baba. Nani kaigusa kamba hii?"

Mzee Josephati akamtazama ng'ombe, kana kwamba swali ni la ng'ombe. Jikoni mama Brigita alianza kucheka polepole, mwiko ukamponyoka ukaingia kwenye makande.

"Mwambie, baba Anneth, au nimwambie mimi?"

"Alikuja kijana," mzee akasema. "Jumatano moja. Anasema ni mtu wa makorongo. Nikamtazama. Mtu wa makorongo hakai anaangalia picha yako ya kipaimara ukutani muda wote ule. Nikamwambia: kijana, kwetu mtu hafiki nyumbani kwa binti kwa miguu yake. Hutanguliza wazee wake. Kwa hiyo leo hukuja, mimi sikukuona, na hayo makande hukuyala. Apa. Akaapa."

"Na hii kamba?"

"Yeye alikuwa na futi yake ya chuma, mpya. Nikamwambia binti yangu alipimia hii, vifundo kafunga kwa mkono wake. Akaitazama. Akairudisha futi kwenye begi."

"Alikuwa anaibusu," mama Brigita akasema.

"Hakuibusu!"

"Nilikuwa dirishani, baba Anneth."

Anneth hakusubiri kujua alibusu au hakubusu. Jua lilikuwa limeshapanda. Saa nne ilikuwa inagonga. Alitoka mbio na kamba begani, mzee akimfuata kwa fimbo yake, akipiga kelele kwamba yeye hajasema kitu.

Gari la Dokta Simel lilikuwa limesimama ukingoni. Dokta mwenyewe, shuka jekundu juu ya koti la chuo, alikuwa amefumbata mikono kifuani. Mbele yake Silvanus, sweta lake la bluu mkono wa kushoto umefika kwenye kiwiko.

"... nilikopi, Dokta. Flashi yake ililala kwangu. Yeye hajui chochote."

"Mwongo!" Anneth akapaza sauti kutoka ng'ambo, akashuka korongo na kupanda bila kushika kitu. "Dokta, huyu hajakopi. Kukopi kunataka akili, na huyu akili hana. Tazama."

Akamwonyesha nyuzi nyekundu, kisha za bluu, kisha akaushika ule mkono wa sweta na kuuinua kama ushahidi mahakamani. Silvanus alikuwa amefumba macho.

Dokta Simel akailaza kamba barabarani, akalaza futi ya chuma kando yake. Penye uzi wa kumi, ambapo pangepaswa kuwa mita kumi, futi ilisoma tisa na sentimita thelathini na mbili.

"Hizi mita ulizipimia nini?"

"Futi ya cherehani ya mama, Dokta. Kamba ikiwa kavu."

"Halafu?"

Mzee Josephati alikuwa amefika, anahema. "Halafu akaiacha nje, ikanyeshewa usiku kucha. Katani ikinywa maji hujikunja kama mzee kwenye baridi. Alipomaliza kupima nikaitundika juu ya moshi, ikakaukia hivyohivyo."

"Na huyu kijana, mzee, unamfahamu?"

Hapo mzee Josephati alipiga hesabu. Kukubali mbele ya mgeni kwamba kijana alifika kwake bila wazee, na yeye akamlisha, hilo lingezunguka Qurus yote kabla ya misa ya kesho. Akamtazama binti yake. Akapiga fimbo chini.

"Alikuja. Nilimwona. Kapima hapa mwenyewe toka saa tatu mpaka saa saba. Na makande aliyala, sahani mbili."

Dokta Simel akamgeukia Silvanus. "Futi ya chuma ulikuwa nayo?"

"Ndiyo, Dokta."

"Kwenye begi?"

"Ndiyo."

"Na ukapimia kamba."

Silvanus akatazama buti za Anneth. Masikio yake yakasema yote.

"Basi kosa hilo ni lako mwenyewe," Dokta akasema taratibu. "Hujalikopi kwa mtu." Akageuka upande haraka, lakini mabega yalimsaliti, yalikuwa yanatikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa umeshanyooka. "Majina hayaendi kwenye kamati. Ila mhandisi hupima kipimo chake kabla ya kupima dunia. Mnapoteza alama kumi kila mmoja. Pimeni upya sasa hivi, kwa chuma. Jumatatu nataka kazi mbili, na zisifanane hata koma." Akapanda gari, akashusha kioo. "Mzee, yule ng'ombe wako mwekundu ni mzuri." Akaondoka na vumbi lake.

Wakabaki wawili korongoni, kila mmoja kashika mwisho wa futi. Mzee Josephati alijifanya anakagua jiwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliapa kwa baba yako."

"Wangekufukuza chuo, wewe!"

"Chuo ningepata kingine. Nikimvunjia neno baba yako, nitampata wapi baba mwingine mwenye binti kama wewe?"

"Maneno hayo umekopi wapi?"

"Hayo nimepima mwenyewe."

Anneth akavuta futi kwa nguvu, Silvanus akaja nayo hatua mbili.

"Sita na tisini," akasoma, sauti imelegea. "Andika. Na usinitazame, andika."

"Nikileta wazee, utawajibu nini?"

"Waje kwanza. Sijibu asaimenti ambayo haijatolewa."

"Na waje kwa barabara!" mzee Josephati akapiga kelele kutoka kwenye jiwe lake. "Siyo kwa kupitia korongoni!"

Walikuja Jumapili ya tatu, kwa barabara. Mama Angelina na kitenge cha zambarau kilichomeremeta, mjomba Philbert na koti la harusi yake mwenyewe, na Silvanus nyuma yao akiwa na sweta jipya, bluu ileile. Mzee Josephati alimpa mkono na kusema anafurahi kumwona kwa mara ya kwanza. Mama Brigita alimpakulia makande sahani mbili bila kumuuliza.

Anneth alipoulizwa mbele ya wazee, alisema ndiyo, kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia. Halafu alimsindikiza Silvanus mpaka getini, akamwekea kitu mkononi. Flashi, ndani ya leso nyeupe ileile.

"Kaa nayo."

"Nikiifungua?"

"Fungua. Ufungue hata leo."

Silvanus aliipokea kwa mikono miwili, macho yakawa na maji, akaondoka anageuka kila hatua tatu mpaka akajikwaa.

Anneth alimpungia mkono mpaka alipopotea kwenye kona. Kwenye flashi ile kulikuwa na picha zake zote, toka kipaimara. Asaimenti mpya alikuwa ameihamishia kwenye flashi nyingine, na hiyo ilikuwa ndani ya buti, mguu wa kulia.